Mvulana Aliyesema Hajui

Haya wajukuu, sogeeni. Leo tunakwenda Ugiriki, mji wa Athens, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Palikuwa na mzee aitwaye Sokrates, baba yake mchonga mawe, mama yake mkunga. Alitembea peku, hakuandika kitabu hata kimoja, na alichopenda ni kuuliza maswali. Kisa hiki tumeachiwa na mwanafunzi wake, Plato.

Siku hiyo Sokrates alikuwa akizungumza na mgeni tajiri, Meno. Akamwita mvulana mmoja, mtumwa wa Meno, ambaye hakuwahi kufundishwa hesabu za maumbo. Akamchorea mraba wa futi 2 kila upande; eneo lake, futi za mraba 4. Akamwuliza: nikitaka mraba wenye eneo maradufu, yaani 8, upande wake uwe futi ngapi?

Mvulana akajibu upesi: 4. Nani kati yenu asingejibu hivyo? Sokrates hakumkaripia. Alimwambia ahesabu, ikatoka 16. Basi ni futi 3! Wakahesabu tena: 9. Mvulana akaapa kwamba hajui.

Hapo ndipo ninapopapenda kuliko kwingine kote. Sokrates alimgeukia Meno, akamwuliza kama wamemdhuru kijana. Mwanzo alidhani anajua, hivyo asingetafuta. Sasa ametambua kwamba hajui, na atatafuta kwa hamu. Maswali yakaendelea, ikachorwa mistari ya ulalo, kona hadi kona, mpaka mvulana akaliona jibu kwa macho yake. Jina lake halikuandikwa, na hilo linaniuma, maana mtoto aliyehesabiwa kuwa mali alionyesha mbele ya bwana wake kwamba akili anayo.

Mwaka 399 kabla ya Kristo mahakama ya Athens ilimhukumu Sokrates anywe sumu, kwa madai kwamba hakuiheshimu miungu ya mji na aliwapotosha vijana. Njia yake ingalipo: katika vyuo vingi vya sheria wahadhiri hufundisha kwa kuuliza, nayo huitwa kwa jina lake. Ninyi mnaoishi na simu zinazojibu kila kitu papo hapo mnamhitaji zaidi kuliko sisi.

Jibu la mraba sitawapa, ulalo nimeshawadokezea. Chukueni penseli na karatasi, mchore, mhesabu. Ukikwama, sema hujui bila aibu, kisha umwulize mwenzako swali linalofuata.