Dhahabu ya Lolgorian na Udongo wa Ndanai

Mkulima wa Ndanai akichimba shimo la choo hupita kwanza kwenye udongo, kisha kwenye mawe laini yaliyooza, na mwishowe sururu yake hugonga jiwe gumu la kijivu linalolia kama chuma. Jiwe hilo huitwa fonolaiti, na kwa Kiyunani maana yake ni jiwe lenye sauti. Lakini ukipita Kilgoris ukafika Lolgorian, utakuta watu wamechimba mashimo marefu wakitafuta dhahabu. Kwa hiyo wengi huuliza: kama Lolgorian kuna dhahabu, mbona isiwe chini ya shamba langu pia? Swali hili si la mzaha. Mtu asiyejua jibu lake aweza kuuza ng'ombe wake wa maziwa ili achimbe mahali pasipo na kitu.

Jibu lake linaanzia baharini. Ganda la dunia limegawanyika vipande vikubwa viitwavyo mabamba, navyo husogea polepole kama kucha zinavyokua. Ganda la chini ya bahari ni jembamba, kama kilomita 7 tu, lakini ni zito. Ganda la nchi kavu ni nene, kama kilomita 40, lakini ni jepesi. Yakikutana mawili hayo, lililo zito huzama chini ya lililo jepesi.

Bamba linalozama lina maji ndani ya mawe yake, kwa sababu limekaa baharini muda mrefu sana. Likifika kama kilomita 100 chini, joto na uzito huyakamua maji yale, nayo hupanda na kuingia katika mawe ya moto yaliyo juu yake. Usidhani maji hayo huyapoza. La, huyafanya yayeyuke! Mawe ambayo yangestahimili joto lile yakiwa makavu hushindwa yakipata maji, kama maharagwe magumu yanavyolainika upesi ukitia magadi.

Mawe yaliyoyeyuka huitwa magma. Mengine hupanda yakatoka juu kwa kishindo, zikatokea volkano nyingi zilizopangana kama upinde. Ndiyo maana wataalamu huziita tao la volkano. Mengi zaidi hubaki chini, hupoa polepole, na kuwa graniti. Hivyo nchi kavu huongezewa unene kutoka chini. Wakati huohuo mabamba yanasukumana, na tabaka za mawe hukunjika kama mkeka uliosukumwa ukutani. Kazi hiyo inaendelea leo huko Japani na Indonesia, na katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako bamba la bahari huzama kwa kiasi cha sentimita 7 kila mwaka. Ganda la nchi huko limefikia unene wa kilomita 70 mahali pengine.

Sasa turudi kwetu. Kutoka Lolgorian kupitia Migori hadi Macalder kuna ukanda wa mawe yenye umri wa kama miaka milioni 2,700: lava, majivu ya volkano na matope ya bahari. Wataalamu wengi huona ndani yake alama za matao ya volkano ya namna hiyo. Tabaka zilizolazwa chini ya maji sasa zimesimama wima, na graniti imepenya kati yake. Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana karibu na Kisumu, nayo ni graniti ya zamani hizo. Mawe yaliposukumwa yakapasuka, maji ya moto yaliingia katika nyufa yakaacha kwatsi nyeupe, na ndani yake dhahabu. Mgodi wa Macalder ulitoa shaba na dhahabu mpaka 1966. Dhahabu ya Geita, Tanzania, imo katika mawe ya namna hiyohiyo.

Fonolaiti yetu ni mtoto mdogo. Ilimwagika kama miaka milioni 12 iliyopita, na haikutokana na bahari kuzama. Nchi ilikuwa inavutwa huku na huku, Bonde la Ufa likianza kupasuka, na lava ikafunika sehemu kubwa ya Kericho, Bomet na Sotik kama blanketi. Mvua ikaiozesha, ikapatikana ardhi nyekundu ya majani chai. Ikiwa mawe ya kale yapo chini yake, yamefunikwa, na jembe lako halitayafikia.

Basi ukiona kitu king'aacho mtoni, kigonge kwa nyundo. Dhahabu hupondeka ikawa bapa. Pairiti, ambayo ni chuma na salfa tu, huvunjika ikawa unga. Ulanga hubanduka vipande vyembamba kama karatasi. Na akija mtu kutaka kuchimba shambani mwako, mwulize leseni yake kwanza. Kwa Sheria ya Madini ya 2016, madini yaliyomo ardhini ni mali ya taifa, hata kama hati ya shamba ni yako. Tena ujihadhari na zebaki inayotumiwa kukusanya dhahabu, maana ni sumu, nayo hufuata maji mpaka kwa ng'ombe na watoto.

Fedha ya shimo ni heri uitumie kupima udongo. Mvua iliyooza fonolaiti iliondoa pia chumvi zake nyingi, ukabaki uchachu. Majani chai huupenda, lakini mahindi hudhoofika uchachu ukizidi. Vipimo vikionyesha hivyo, tia chokaa katika shamba la mahindi kwa kiasi utakachoambiwa na Afisa wa Kilimo, wala usiipeleke kwenye chai. Chokaa ya Koru, kwa habari yako, nayo huchimbwa katika mawe ya volkano.