Taarifa za Mzee Ziko Mkononi mwa Nani?

Mwalimu mstaafu wa Kahama na jirani yake aliyelima pamba maisha yake yote wanaweza kuwa na umri mmoja, maumivu yaleyale ya magoti, hata wajukuu wanaokaa dawati moja. Wote wawili hupokea fedha kupitia mifumo ya Serikali. Lakini mwalimu akiwa na simu janja anafungua PSSSF Kiganjani, programu ya simu ya mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, anaangalia pensheni yake, na uhakiki wa kuonyesha kwamba bado yu hai anaumaliza humohumo bila kupanda daladala. Jirani yake ni mlengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Akitaka kujua kwa nini dirisha hili la malipo limemletea pungufu, anamwendea mjumbe wa kamati, mjumbe anampeleka kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji anamsubiri mratibu wa halmashauri. Taarifa za wazee hawa wawili zote zimo kwenye kompyuta. Kinachowatofautisha ni ruhusa ya kuzitazama.

Tofauti hiyo ina historia yake. Mwalimu alikatwa mshahara kila mwezi, na mifuko ya watumishi ilipounganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, kumbukumbu zake zilihama pamoja na michango yake. Mkulima hakuwa na mwajiri. Pamba yake ilipimwa na kuandikiwa stakabadhi na vyama vya ushirika, tangu enzi za shirikisho la Victoria lililoanzishwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani hadi SHIRECU ya Shinyanga na Nyanza ya Mwanza. Kilo zake zilihesabiwa kwa uangalifu mkubwa, ila hakuna aliyemwekea chochote cha uzeeni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kama mzee tangu anapofikisha miaka 60, lakini Tanzania Bara haijawa na pensheni ya kila mzee. Kwa hiyo fedha ya Serikali inamfikia kwa mlango mwingine: si kwa sababu amezeeka, bali kwa sababu kaya yake ni maskini.

Hapa ndipo mambo mengi yanapoanzia. Kumbukumbu iliyopo TASAF ni ya kaya, si ya mzee. Bibi akihamia kwa mwanawe mwenye nyumba ya bati na bodaboda, anaweza kuonekana hana sifa, hata kama bodaboda hiyo haijawahi kumpeleka kliniki. Kaya ikifanikiwa inaambiwa imehitimu na kuondolewa kwenye orodha. Kaya ya kijana inaweza kuhitimu kweli. Sijui mtu wa miaka 78 anahitimu nini.

Mfumo wenyewe umejengwa kwa hofu ya wizi, na hofu hiyo ina sababu. Mpango wa TASAF wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa mwaka 2012. Rais Magufuli alipozindua kipindi chake cha pili, Februari 2020, alieleza kwamba uhakiki ulikuwa umebaini kaya 73,561 zisizostahili, zikiwamo za watu waliokwisha kufariki na za watu wasio maskini. Baada ya hapo kila hatua imekuwa ya kumthibitisha mlengwa: namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA), laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, malipo ya benki au simu badala ya noti mkononi. Mlipaji anazidi kumwona mlengwa kwa ukaribu. Mlengwa haoni chochote.

Na uthibitisho huo una mitego yake Usukumani. Vidole vilivyoshika jembe miaka hamsini havisomeki vizuri kwenye mashine. Majina kama Ng'washi au Nkwabi huandikwa hivi kwenye kadi ya TASAF, vile kwenye kitambulisho cha Taifa, na vingine kabisa kwa wakala wa simu. Kompyuta haijui kwamba huyo ni mtu mmoja. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, familia nyingi zimetatua tabu hiyo kwa njia ya mkato: laini inasajiliwa kwa jina la mjukuu. Mjukuu akiondoka kwenda kutafuta dhahabu Nyarugusu, Rwamagasa au Kakola, anaondoka na simu. Fedha ya bibi inaingia machimboni, bibi yuko kijijini, na kwenye mfumo imeandikwa kwamba amelipwa. Kwa mhasibu, kazi imekwisha.

Ukanda wa dhahabu unaikuza kasoro hii kuliko maeneo mengine, kwa kuwa huku vijana wanahama kufuata duara jipya, yaani shimo la dhahabu, kila linaposikika limetema. Wanaobaki nyumbani ni wazee na watoto. Ndiyo maana swali la nani anamlea mzee linajibika kwa shida: mara nyingi yeye ndiye mlezi, wa wajukuu watatu au wanne, na anayemchotea maji ni binti wa miaka 11.

Makazi ya Serikali yapo, lakini ni kwa wachache. Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, hupokea wazee wasio na ndugu wa kuwatunza, baada ya afisa ustawi wa jamii kuchunguza. Bukumbi kule Misungwi hufanya hivyohivyo. Chakula na matunzo ni jukumu la wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii na makundi maalumu. Kwingine malipo humfuata mzee: nchini Australia, mtoa huduma huingia kwenye mtandao wa serikali, huona taarifa za kila mzee aliye naye, hudai malipo ya siku alizomtunza, na hulipwa kwa kichwa. Kwetu Serikali hailipi kwa kichwa namna hiyo. Anayetunza mzee nje ya makazi ya Serikali, awe kanisa, jirani au binti huyo wa miaka 11, hana jina popote kwenye mfumo. Hutegemea fedha ya kaya, kama ipo, na wageni wanaokuja na sukari, sabuni na kamera siku za sikukuu.

Si kwamba eneo hili halina fedha. Migodi mikubwa hulipa halmashauri ushuru wa huduma kulingana na mapato yake, na Geita na Msalala zinaujua uzito wake. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawamo. Sidai kwamba mzee wa miaka 80 akopeshwe mashine ya kusagia mawe, lakini kundi lisilo na fungu kwenye bajeti ya halmashauri huishia kwenye hotuba za Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani.

Majirani zetu wamejaribu njia nyingine. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016 kwa kila mkaazi mwenye sifa aliyefikisha miaka 70, Sh20,000 kwa mwezi, kisha ikapandisha hadi Sh50,000. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa Inua Jamii, Sh2,000 za huko kwa mwezi, nayo kuanzia miaka 70. Faida yake kubwa, ukiacha fedha, ni wepesi wa kumbukumbu: maswali ya msingi ni umri, ukaazi na kama mtu yu hai. Hakuna anayekuja kuhesabu mabati. Kenya iliongeza jambo ambalo Shinyanga ingelihitaji zaidi: mzee asiyeweza kwenda benki husajiliwa pamoja na mlezi wake, kwa jina, ili fedha ikipotea ijulikane aulizwe nani.

Wapo watakaosema kwamba uwazi umekwisha kuwapo, kwa kuwa majina ya walengwa husomwa kwenye mkutano wa kijiji. Ni kweli, na mkutano huo unajua mambo ambayo kompyuta haiyajui. Mfu hafichiki kijijini. Lakini kwenye mikoa hii, ambako wanawake vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine kwa wekundu wa macho tu uliotokana na moshi wa jikoni, si salama kijiji kizima kijue ni bibi yupi ana fedha na lini. Leo kijiji kinajua mengi kuhusu bibi kuliko bibi anavyojua kuhusu akaunti yake. Ingepaswa kuwa kinyume.

Sheria ya kugeuza hali hiyo ipo tayari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kufikia taarifa zake zilizo mikononi mwa taasisi. Haisemi kwamba haki hiyo ni ya wenye simu janja. Menyu ya kawaida ya simu ya kitochi, ile inayoanza na nyota, ingetosha kumwambia mzee mambo manne: jina lake lilivyoandikwa, namba inayopokea fedha yake, kiasi cha mwisho kilichotumwa na tarehe yake. Asiyejua kusoma asomewe na mlezi aliyeandikishwa, au na afisa ustawi, si na wakala anayemlipa.

Wakati hilo halijafanyika, kazi hiyo ni yetu sisi tulioko mjini. Ukienda likizo Kishapu, Solwa au Bukombe, omba kadi ya TASAF ya bibi, kitambulisho chake cha NIDA na laini yake, uviweke pamoja mezani. Kama majina hayafanani, au laini ni ya mtu aliyeko machimboni, nenda naye kwa mtendaji wa kijiji kabla dirisha la malipo linalofuata halijafunguliwa.