Zamu imekwisha, mwili bado uko kazini

Katika familia zetu hapa Buffalo wapo wanaofanya kazi ya uuguzi au ya kusaidia wauguzi hospitalini. Pengine ni wewe, au ni mama wa watoto wako. Katika dhoruba ya theluji ya Desemba 2022, barabara zilifungwa, na wafanyakazi wengi wa hospitali walibaki kazini kupita zamu zao kwa sababu wenzao hawakuweza kufika.

Nilipokuwa msaidizi wa wauguzi wa usiku, nilirudi asubuhi mwili umechoka lakini moyo unakimbia. Mtoto akiangusha kikombe, namfokea kama aliyevunja nyumba. Baadaye nilielewa: zamu ilikwisha, lakini mwili haukuambiwa.

Njia moja ya kuuambia mwili ni pumzi. Ukiitoa polepole, moyo hupunguza kasi. Jaribu hivi:

1. Unaponawa mikono, kwa sekunde 20 sikiliza maji na vidole vyako tu. Wazo likija, liache lipite, rudi kwenye maji.
2. Wakati wa mapumziko, keti. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Rudia mara 10. Hazifiki dakika 2.
3. Kabla ya kufungua mlango wa nyumbani, kaza mabega na ngumi kwa sekunde 5, kisha legeza.

Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa utulivu wa namna hii katika chuo cha udaktari cha jimbo la Massachusetts. Leo wauguzi nao hufundishwa. Hayachukui nafasi ya sala yako.

Lakini pumzi haipunguzi idadi ya wagonjwa. Kazi ikizidi, zungumza na msimamizi au chama cha wafanyakazi. Tangu 2009, sheria ya New York inazuia hospitali kumlazimisha nesi mwenye leseni kufanya saa za ziada, isipokuwa katika dharura na hali chache nyingine. Usingizi ukikupotea wiki nzima, mwone daktari. Ukihisi huwezi kuendelea kuishi, piga 988, mchana au usiku, bila malipo, na uombe mkalimani wa Kiswahili.

Nanyi wa nyumbani: mama akirudi kazini, mpokeeni mkoba, mpeni maji, mwacheni akae dakika 5. Habari za shule na bili zitamngoja.