Gari Halichaji: Tuchunguze Nini Kwanza?

Gari la zamani likitunzwa hutumikia watu miaka mingi. Hubeba mazao kwenda sokoni. Hupeleka mgonjwa hospitali usiku. Lakini je, likikataa kuwaka usiku huo, mgonjwa atafikaje?

Mara nyingi tunasema, "Betri imekufa." Tunachanga fedha na kununua betri mpya. Baada ya siku chache betri hiyo nayo inaisha nguvu. Fedha zimepotea. Kosa letu ni nini? Hatukuchunguza kile kinachoijaza betri.

Umeme wa gari hutoka wapi?

Betri ni kama mtungi wa maji. Ukichota kila siku bila kujaza, mtungi hukauka. Kuwasha injini huchota umeme mwingi katika betri. Taa na honi pia huchota. Injini inapozunguka, mkanda wa feni huzungusha mashine ndogo inayotengeneza umeme. Katika magari ya zamani sana mashine hiyo ni dainamo. Katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1970 ni alteneta. Mashine hiyo ndiyo inayojaza betri.

Namna ya kuchunguza

Anza na mambo yasiyo na gharama.

1. Taa nyekundu ya chaji. Fungua swichi kabla ya kuwasha injini. Taa iwake. Injini ikiwaka, taa izimike. Isipozimika, betri haijazwi. Je, kama taa haiwaki kabisa? Huenda balbu imeungua. Katika magari mengi ya zamani yenye alteneta, umeme unaopita katika balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta. Balbu ndogo ikiungua, alteneta inaweza kushindwa kuchaji.

2. Mkanda. Zima injini. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba, katikati ya sehemu yake iliyo ndefu. Ukibonyea kama sentimita 1, unafaa. Ukibonyea zaidi sana, umelegea; ukazwe. Ukiwa umepasukapasuka, ubadilishwe.

3. Nyaya. Tazama vichwa vya betri. Je, vina unga mweupe au wa kijani? Unga huo huzuia umeme kupita. Zima injini. Fungua kwanza waya uliofungwa kwenye bodi ya gari, kisha ule mwingine. Sugua vichwa mpaka ving'ae. Unaporudisha, waya wa bodi uwe wa mwisho. Kaza vizuri. Tazama pia nyaya za alteneta.

4. Kipimo cha volti. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama volti 12.6 injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Sasa washa injini, ongeza mwendo kidogo, pima tena. Katika gari lenye alteneta, kipimo kipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kisipopanda, betri haijazwi. Kikizidi 15, betri inajazwa kupita kiasi na maji yake yatapungua upesi. Kifaa kinachoongoza chaji kimeharibika. Hapo mwite fundi.

Kama mambo hayo manne ni sawa, lakini asubuhi betri haina nguvu, kuna sababu mbili. Huenda kuna taa au kifaa kinachotumia umeme usiku. Kama hakuna, basi betri yenyewe imechoka. Sasa kununua betri mpya si kupoteza fedha.

Jihadhari

Betri inapojazwa hutoa hewa inayolipuka. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu nayo. Maji ya betri yana asidi inayounguza. Yakikurukia machoni, osha mara moja kwa maji mengi safi, kisha nenda hospitali. Maji ya betri yakipungua, ongeza maji maalumu ya betri, si ya kisima wala ya bomba. Usifungue waya wa betri injini ikizunguka, maana alteneta inaweza kuungua.

Betri mpya haiponyi mkanda uliolegea. Tuchunguze kwanza, tununue baadaye.

Maswali

1. Ni kitu gani kinachojaza betri ya gari?
2. Kwa nini balbu ya taa ya chaji ni muhimu?
3. Utajuaje kwamba mkanda umelegea?