Tofali hutulia hewani, mvutano hautulii

Katika maeneo mengi ya ujenzi nchini, matofali hupandishwa ghorofani kwa mikono. Kibarua aliye chini hurusha tofali, na mwenzake aliye juu hulidaka linapokaribia kusimama hewani. Utulivu huo wa kitambo kidogo huwahadaa wengi.

Chukua mfano wa tofali linalorushwa wima kwa kasi ya mita 9.8 kwa sekunde. Tangu litoke mkononi, dunia hulivuta chini, na kila sekunde kasi yake hupungua kwa mita 9.8 kwa sekunde. Baada ya nusu sekunde, kasi iliyosalia ni mita 4.9 kwa sekunde. Sekunde moja ikitimia, tofali limefika kimo cha karibu mita 5, na kasi yake ni sufuri.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wa fizikia hukosea. Wao hudhani kuwa mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi, nao umekuwa sufuri. Sivyo. Lau mvutano ungekoma, tofali lingebaki likielea. Hurudi chini kwa sababu mchapuko ni ule ule na huelekea chini daima, liwe linapanda, limesimama au linashuka.

Likikosa kudakwa, tofali humrudia aliyelirusha baada ya sekunde nyingine moja, kwa kasi ile ile aliyolirushia: takriban kilomita 35 kwa saa.

Hatari huongezeka pamoja na kimo. Tofali likiponyoka kutoka mita 25, takriban ghorofa ya nane, hutua baada ya sekunde 2 na ushei, kwa kasi inayokaribia kilomita 80 kwa saa. Huo ndio upeo ambao matatu ziliwekewa mwaka 2004 kwa kanuni za Waziri John Michuki.

Wala wepesi wa kitu si kinga. Mwaka 1971, mwanaanga wa Marekani David Scott aliangusha nyundo na unyoya mwezini, kusiko na hewa, vikatua pamoja. Duniani hewa huuchelewesha unyoya, lakini nyundo na tofali hushuka karibu sawia.

Ndiyo maana helmeti ni ya lazima kwa yeyote aliye chini ya jengo linalojengwa, na mrushaji hana budi kusogea kando mara tu tofali litokapo mkononi. Kwa aliyeinama akikoroga saruji, sekunde 2 huenda zisitoshe hata kuinua kichwa.