Mashine Pepe na Kumbukumbu ya Kompyuta Mwenyeji: Namna ya Kukagua Ulinganifu

Baada ya kusoma sehemu hii utaweza: (a) kueleza maana ya mashine pepe, (b) kueleza jinsi anwani za kumbukumbu zinavyotafsiriwa mara mbili, (c) kukagua kama kompyuta inafaa kuendesha mashine pepe, (d) kukokotoa RAM inayohitajika.

1. Maana

Mashine pepe ni kompyuta iliyotengenezwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Ina mfumo endeshi wake, diski yake na kumbukumbu yake, lakini vyote vimekopwa. Kompyuta halisi inayokopesha huitwa mwenyeji, na mfumo endeshi unaoendeshwa ndani yake huitwa mgeni. Programu inayogawa rasilimali kati yao ni haipavaiza. Mifano yake ni Hyper-V, VirtualBox na VMware.

Faida yake kwa shule ni dhahiri: kompyuta moja yenye Windows inaweza pia kuendesha Linux, na mwanafunzi akiharibu mfumo wa mgeni, mwenyeji anabaki salama.

2. Tatizo la anwani

Kila mgeni huamini kuwa kumbukumbu yake inaanzia anwani 0. Wageni wawili wakiwepo, kuna anwani 0 mbili, na RAM halisi ina moja tu. Fikiria mabweni mawili ya shule. Kila bweni lina kitanda namba 1. Ukitaja namba ya kitanda bila kutaja bweni, hujamwelekeza mtu popote.

Kwa hiyo tafsiri hufanyika katika ngazi mbili:

Ngazi ya kwanza: anwani inayotumiwa na programu hugeuzwa kuwa anwani ya kumbukumbu ya mgeni. Kazi hii huongozwa na jedwali la kurasa la mgeni.

Ngazi ya pili: anwani ya mgeni hugeuzwa kuwa anwani halisi ya RAM ya mwenyeji.

Zamani haipavaiza ilifanya ngazi ya pili yenyewe, kwa kutunza majedwali kivuli. Kila mgeni alipobadili jedwali lake, haipavaiza ililazimika kusimamisha kazi na kurekebisha kivuli, hivyo kasi ilipungua. Baadaye watengenezaji waliingiza kazi hiyo ndani ya prosesa. AMD ilitoa uwezo huo mwaka 2007, unaojulikana kama NPT au RVI. Intel ilifuata mwaka 2008 kwa uwezo unaoitwa EPT. Usichanganye EPT na VT-x: VT-x ya Intel na AMD-V huiwezesha prosesa kuendesha mgeni, EPT na NPT hushughulikia tafsiri ya kumbukumbu.

3. Hatua za ukaguzi

(i) Prosesa. Katika Windows, fungua dirisha la amri, andika systeminfo, kisha soma mistari minne ya mwisho inayohusu Hyper-V. Mstari wa "Second Level Address Translation" ukijibiwa Yes, tafsiri ya ngazi ya pili ipo. Katika Linux, soma faili la /proc/cpuinfo: vmx au svm ni uwezo wa kuendesha mgeni, ept au npt ni tafsiri ya ngazi ya pili.

(ii) BIOS. Uwezo unaweza kuwepo lakini ukawa umezimwa. Washa kompyuta upya, ingia BIOS, uuwashe.

(iii) Biti. Mfumo wa biti 32 hutaja anwani 2³² tu, yaani baiti 4,294,967,296, sawa na GB 4. Tumia mfumo wa biti 64.

(iv) Kiasi cha RAM. Tumia kanuni hii:

RAM inayohitajika = RAM ya mwenyeji + jumla ya RAM za wageni

RAM isipotosha, mwenyeji huanza kuhamishia kurasa kwenye diski, na kompyuta hukwama kwa sababu diski ni ya polepole kuliko RAM.

4. Mfano

Shule moja ya Mamboya, wilayani Kilosa, imechangiwa na wazazi fedha za kununua kompyuta moja iliyotumika. Inataka kuendesha wageni wawili wa GB 2 kila mmoja, kwa Hyper-V ya Windows 10 Pro. Mwenyeji atengewe GB 2. Kuna kompyuta mbili za bei sawa:

A: Core 2 Duo, RAM GB 8.
B: Core i3, RAM GB 4, VT-x imezimwa kwenye BIOS.

Ichaguliwe ipi?

Jibu: RAM inayohitajika = 2 + (2 × 2) = GB 6. Kompyuta A inatosha kwa RAM, lakini Core 2 Duo haina EPT, na Hyper-V ya Windows 10 haiwezi kuendesha mashine pepe bila tafsiri ya ngazi ya pili. Kompyuta B ina EPT. VT-x itawashwa bila gharama, na upungufu wa RAM ni 6 − 4 = GB 2, unaoweza kuongezwa baada ya kuhakikisha ubao mkuu unaukubali. Ichaguliwe B.

Zingatia: kilichozimwa huwashwa, kilichopungua huongezwa, lakini kisichokuwemo ndani ya prosesa hakiongezwi. Ndiyo maana prosesa hukaguliwa kwanza, kabla fedha hazijalipwa.

5. Makosa ya watahiniwa

• Kudhani RAM kubwa pekee inatosha.
• Kusahau RAM ya mwenyeji katika hesabu.
• Kuandika kuwa mgeni hutumia RAM halisi moja kwa moja bila tafsiri.

6. Zoezi

Kompyuta ina RAM ya GB 16, na mwenyeji ametengewa GB 4. Je, itabeba wageni wangapi wa GB 3 kila mmoja? Onesha njia.

(Jibu: (16 − 4) ÷ 3 = wageni 4.)