Nzuri, Ila…

Kiswahili kina adabu yake ya salamu. Ukiulizwa habari, hujibu "nzuri" kwanza, hata kama nyumbani kuna mgonjwa. Ndipo hufuata neno dogo lenye uzito: nzuri, ila mtoto hajalala, salama, ila kazi imeota mbawa. Aliyelelewa katika lugha hii huisubiri hiyo "ila".

Ugenini, subira hiyo hupungua. Chukua mfano wa Beltsville, mji wa watu kama 20,000 katika kaunti ya Prince George's, jimbo la Maryland, kaskazini-mashariki ya Washington, D.C. Kaunti hiyo ina wahamiaji wengi kutoka Afrika. Mtu wa zamu ya usiku hulala mchana, na majirani huonana kwenye maegesho ya magari tu. Simu ya mama ikiita kutoka nyumbani, hujibu "salama" na kuaga kabla "ila" haijatoka.

Wakati mwingine "ila" hiyo isiyotoka ni hamu ya kufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 727,000 walijiua duniani mwaka 2021. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo. Marekani peke yake ilipoteza zaidi ya watu 49,000 mwaka 2022. Ni mara chache chanzo huwa kimoja: sonona, ulevi, maumivu ya muda mrefu, madeni, upweke na hasara ya ghafla hukutana juu ya mtu mmoja. Lakini kwa wengi, hamu ya kufa hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Akipatikana wa kukaa naye wakati maji yamejaa, mara nyingi huvuka.

Kwa nini basi hatuulizi? Wengi tunaogopa kwamba kulitaja jambo ni kulipandikiza. Hofu hii imepimwa. Mwaka 2005, jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi zaidi ya 2,300 wa sekondari katika jimbo la New York. Walioulizwa kuhusu kujiua hawakupata mawazo hayo zaidi ya wenzao ambao hawakuulizwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yalifikia hitimisho hilohilo.

Hofu nyingine tumeirithi kutoka sheria za kikoloni, zilizomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilidumu mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kinakiuka Katiba. Mtu aliyekua akijua kwamba maumivu yake yanaweza kumpeleka polisi, hata akivuka bahari hubeba ukimya wake.

Sasa tuseme umeshajua kwamba kuuliza si hatari. Je, utaweza kuuliza? Kujua ni kazi ya kichwa, kutamka ni kazi ya ulimi, na ulimi unataka mazoezi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lililowahusisha wafanyakazi wa shule na wazazi. Wote walifundishwa namna ya kumtambua na kumsaidia mtu aliye hatarini, lakini kundi moja liliongezewa zoezi fupi la kuigiza mazungumzo yenyewe. Maarifa yaliongezeka kwa wote. Walioigiza, hata hivyo, ndio waliokuwa na stadi bora za kuzungumza, na tofauti hiyo ilionekana tena walipopimwa baadaye.

Hapo ndipo jukwaa la mtaani linapoingia. Mbrazili Augusto Boal aliasisi aina ya maigizo ambamo mtazamaji husimamisha mchezo, akapanda jukwaani na kujaribu njia nyingine. Kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Wenyeji walichambua matatizo yao, wakayatia katika ngoma na michezo, kisha wakakaa kuyajadili.

Chukua igizo ambalo kikundi cha Beltsville kinaweza kulitunga kwa wiki chache. Kijana anayehudumia wazee usiku ameacha kujibu ujumbe wa wenzake. Anamgawia rafiki yake koti alipendalo na kusema, "Mimi ni mzigo tu kwenu." Rafiki anajibu, "Jikaze, wewe ni mwanaume." Simama! Mama mmoja anatoka kwenye viti na kuchukua nafasi ya rafiki. "Tutakuombea, mwanangu," anasema, na kuondoka. Sala ni njema, ila kijana amebaki peke yake. Anapanda mwingine. Huyu anavuta kiti, anakaa, ananyamaza kidogo, kisha anauliza, "Ndugu yangu, una mawazo ya kujiua?" Ukumbi mzima umesikia swali hilo likitamkwa kwa Kiswahili, bila ukali na bila aibu. Kumbuka kwamba anayebadilishwa si mgonjwa, ni jirani. Somo ni letu tulio pembeni yake.

Igizo la namna hii lina miiko. Mwaka 1987, magazeti ya Vienna yalipofuata mwongozo mpya na kuacha kuyakuza matukio ya kujiua katika reli ya chini ya ardhi, matukio hayo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika nusu ya pili ya mwaka. Kwa hiyo njia ya kufa haionyeshwi wala haitajwi, na kifo hakifanywi ushujaa. Mwaka 2010 watafiti wa Austria waligundua kuwa habari za watu waliovuka kipindi cha kutaka kufa ziliendana na kupungua kwa vifo. Waliuita mwelekeo huo kwa jina la Papageno, mhusika wa opera ya Mozart ya mwaka 1791 ambaye vijana watatu humzuia asijidhuru na kumkumbusha kengele zake. Igizo letu nalo liishie kwenye msaada, mshauri nasaha awemo ukumbini, na anayetoka akilia afuatwe.

Tangu Julai 2022, aliyeko Marekani anaweza kupiga 988 bila malipo, usiku na mchana. Huduma hiyo ina wakalimani wa simu kwa lugha zaidi ya 240, hivyo taja neno "Swahili" na usubiri. Kama wewe ndiye unayeteseka, piga leo, au mwambie mtu mmoja unayemwamini. Na kama jirani yako amekujibu "nzuri" kwa sauti iliyochoka, usiondoke. Vuta kiti, uisubiri "ila".